Sura ya Asubuhi ya Baba Mwende

Jumanne, 9 Februari 1999

Uji kikombe kimoja na nusu. Choo sawa. Dawa mbili, moja akaitema, nikamrudishia. Muuguzi wa hospitali alisema niandike kila kitu, basi naandika. Daftari hili lilikuwa la binti yetu Mwende, la hesabu, kabla hajaolewa. Kurasa za nyuma hakuzigusa, na alama za kurasa za mbele zinaonyesha kwa nini.

Sura ya leo: Yoshua kumi na tano. Siku yangu ya nne ya kusoma na sidhani nitafika ya kumi. Miji, miji, miji. Majina ya kukwaruza koo. Nilisoma huku nikimtazama usoni. Hakuna kitu. Macho kwenye paa, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine.

Muuguzi alisema pia nimwongeleshe kila siku hata kama hajibu. Nikamwambia nimekaa na huyu mume miaka ishirini na saba, yote niliyokuwa nayo nimekwisha kumwambia, mengine mara mbili. Alicheka. Sikuwa natania. Ndipo nikachukua Biblia yake, nikaanzia alipoishia mwenyewe asubuhi ile ya kiharusi. Kadi yake ya zamani ya kiwandani ilikuwa katikati ya Yoshua.

Kusoma najua. Si hilo. Ni kwamba sijawahi. Msomaji alikuwa yeye, kanisani na nyumbani. Alisoma sura moja kibarazani kabla ya kwenda kupima miwa kwenye kiwanda cha sukari cha Ramisi, na hata kiwanda kilipofungwa tukabaki na shamba letu, sura haikukosekana. Mimi nilikuwa jikoni na uji wangu. Akifika mwisho alisema, "Hili ndilo neno la Bwana," na mimi nikaitikia, "Tumshukuru Mungu," bila kugeuza kichwa. Siku nyingine nilikuwa sijasikia hata mstari mmoja. Haya, nimeandika. Hakuna atakayeliona daftari hili.

Yale maneno yake ya mwisho wa sura mimi siyasemi. Ni ya msomaji. Alivishwa kanzu na askofu mbele ya watu, na kanzu yenyewe iko pale nyuma ya mlango kwenye msumari. Mimi nafunga kitabu tu, naenda zangu shambani.

Jumatano, 10 Februari

Uji vikombe viwili! Choo hakuna.

Yoshua kumi na sita. Fupi. Namshukuru aliyeiandika.

Nilipofunga kitabu akaanza kuguna. Guno refu la kutoka tumboni, na mkono wa kushoto ukainuka. Nikaleta kopo la mkojo. Hakutaka. Maji, hakutaka. Nikamsogeza kivulini. Akaguna mpaka nikachoka. Jana ilikuwa hivyohivyo, na juzi. Nadhani kusoma kwangu kunamuumiza kichwa. Hata mimi kunaniumiza.

Alhamisi, 11 Februari

Sikusoma. Ngedere waliingia kwenye michungwa nikawafukuza asubuhi nzima. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, lakini hii ni siku ya sita tu na koleo limekwisha vunjika.

Ijumaa, 12 Februari

Uji nusu kikombe.

Nimeruka. Nakiri. Nilichungulia sura ya kumi na saba, ni mipaka ya mashamba. Kumi na nane, mipaka. Kumi na tisa, Mungu nisamehe. Nikafunua mpaka ishirini na mbili, watu wanapoanza tena kugombana. Sikumaliza mstari wa tatu. Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, wala kabla ya kuugua wala baada.

Mejumaa akaja mbio na kuti mkononi. Huyu ni mama jirani yetu wa upande wa bondeni, Mdigo, mkubwa wangu kwa miaka kumi, kazi yake kushona makuti ya kuezekea. Tukampapasa mgonjwa tumbo. Tukamsugua miguu. Nikafunga kitabu, akazidi. Niliogopa. Nilidhani kiharusi cha pili kimekuja kumalizia kazi ya cha kwanza.

Jumamosi, 13 Februari

Ishirini na tatu. Kelele tangu neno la kwanza. Nikamwambia, basi soma wewe. Halafu nikaenda jikoni nikalia kwa sababu ya kumwambia hivyo.

Jumatatu, 15 Februari

Uji vikombe viwili. Choo sawa. Yote haya si kitu. Ngoja niandike vizuri.

Jana ilikuwa kanisa, sikusoma. Leo nimefungua kitabu pale penye kadi bila kuangalia. Kumbe siku ile niliporuka kadi niliiacha palepale, sura ya kumi na saba. Nikasoma kama mistari mitano kabla sijagundua kwamba nimerudi kwenye mipaka. Nikagundua pia kwamba kuna kimya. Hakuguna. Nikainua macho. Alikuwa ananitazama mdomo.

Nikaendelea. Sura nzima. Kimya. Jicho halikunitoka.

Alikuwa anajua nimeruka. Anajua! Amekaa hapa miezi mitatu tunamlisha na kumfuta kama kitoto, na humo ndani anafuata sura kwa sura! Nilisimama nikakaa, nikasimama tena. Nikamwambia, wee mzee, uko humo? Nilipofunga kitabu akaguna lile guno lake la kila siku, mkono wa kushoto juu. Hilo bado silielewi. Lakini leo limenifurahisha.

Jumanne, 16 Februari

Nimemjaribu. Ni dhambi ndogo.

Nikasoma nusu ya kumi na nane polepole, kwa sauti ya kanisani, halafu bila kupumua nikarukia ishirini. Paf! Kofi kwenye blanketi, kwa mkono wa kushoto. Nikarudi. Kimya. Nikaruka tena. Paf! Nilicheka mpaka machozi, nikapiga kelele za kumwita Mejumaa. Akaja tukarudia mbele yake. Paf! Mejumaa akasema, "Subhanallah! Mama Mwende, wamchezea mwenzio naye yuazijua zote."

Nikamuomba radhi mume wangu. Nikasoma sura yote bila kuruka hata kijiji. Mwishoni, guno. Nikaleta kopo. Hakutaka.

Jumatano, 17 Februari

Kumi na tisa. Mipaka tena. Leo sikuchukia. Niliposoma jinsi kila kabila lilivyopigiwa kura ya shamba lake, nilimkumbuka siku tulipoonyeshwa hili letu. Lilikuwa kichaka. Alilizunguka kwa miguu akihesabu hatua kwa sauti, kutoka jiwe hadi jiwe, mara tatu, kama kwamba jiwe lingehama. Nilimcheka sana. Kumbe alikuwa na sura hii kichwani.

Nimejipangia. Adhana ya alfajiri ya msikiti wa kina Mejumaa ndiyo saa yangu. Ikilia, naamka. Moto, uji, kumfuta, kumkalisha kibarazani na mto wa sufi mgongoni. Jua likigusa mikorosho, sura. Sitaki tena habari ya ngedere. Wakija na wale machungwa, mimi nasoma.

Alhamisi, 25 Februari

Siku tisa mfululizo tangu nilipojipangia. Sijakosa hata moja!

Tumeingia Waamuzi. Mbona hakuna aliyeniambia? Leo ni Ehudi, mtu wa shoto, kaficha upanga pajani upande usiotazamiwa, kamwendea mfalme mnene Egloni ndani ya chumba chake. Nilisoma kwa kasi mpaka uji ukaungua. Miaka ishirini na saba hadithi hii imepita masikioni mwangu nikiwa nimeinamia sufuria! Nikamwinulia mume wangu mkono wake wa kushoto nikamwambia, umesikia, wa kushoto unatosha. Upande mmoja wa mdomo wake ulipanda. Naapa ulipanda.

Mwisho wa sura guno lilikuwepo. Nimejaribu uji, kopo, kivuli, jua, mto, kumkuna mgongo. Leo nilijaribu kumsomea sura ileile mara ya pili. Akanyamaza nilipokuwa nasoma, nilipofunga kitabu akaanza upya. Sasa ni kama mtu anayenidai kitu nami sijui ni nini.

Ijumaa, 26 Februari

Yaeli na kigingi cha hema! Mejumaa alikuwa amekuja na makuti yake kukaa karibu, anasema ni kwa ajili ya kivuli. Nilipofika kwenye nyundo aliacha kushona. Akauliza huyo mwanamke alipelekwa kwa kadhi au la.

Jumapili, 28 Februari

Nimepewa barua kanisani. Imetoka Machakos kwa shemeji Nzioka, kaka mkubwa wa mume wangu. Amesikia kwa watu waliopita huku kwamba ndugu yake amekuwa gogo, hatambui mtu. Anasema mwanamke peke yake hawezi kumtunza mgonjwa ugenini, na kwamba tangu zile fujo za mwaka juzi za kuwafukuza watu wa bara roho yake haijatulia juu yetu. Atakuja Pasaka na gari. Atamchukua akapumzike kwa wenyewe.

Gogo! Kaandika gogo. Nimeikunja barua nikaitia chini ya debe la mahindi.

Fujo za mwaka juzi nazikumbuka kuliko yeye. Mejumaa alitulaza kwake siku tatu na akakaa mlangoni mwenyewe. Ugenini gani huo?

Nilisoma sura ya Gideoni nikiwa na hasira. Mume wangu akaisikia sautini. Akawa ananitazama sana.

Jumatatu, 1 Machi

Nimejibu. Shemeji, shikamoo. Ndugu yako si gogo. Anasikia na anajua Maandiko kukushinda wewe na mimi. Ukija utajionea. Nimeiandika mara tatu ili isionekane nina hasira. Ya tatu ina hasira kidogo.

Sasa nina wiki tano. Kama hataonyesha chochote mbele ya Nzioka, ataondoka. Mkubwa akisema, mimi ni nani wa kumkatalia? Na akifika kule watamlaza chumba cha nyuma na watamgeuza kwa wakati, najua ni watu wema, lakini hakuna atakayemfungulia sura. Atakaa humo ndani peke yake. Hicho ndicho kinachoniogopesha. Cha pili ni mimi kuamka kwa adhana na kukuta kibaraza kitupu.

Jumatano, 10 Machi

Samsoni amekufa leo na nyumba nzima juu yake. Siku nne nimemfuata yule mjinga. Mejumaa naye. Leo alimporomoshea Delila matusi ya Kidigo ambayo siwezi kuyaandika kwenye daftari moja na Neno.

Siku ishirini na mbili. Sijui nilikuwa naishi vipi zamani. Naamka kabla ya adhana siku hizi, namngojea mwadhini kama yeye ndiye aliyechelewa.

Jumamosi, 13 Machi

Waamuzi kumi na tisa. Sura mbaya. Yule mwanamke na wale watu wa mji waliomtesa usiku kucha. Nilitaka kuruka. Nikamtazama, nikaona mkono wa kushoto uko tayari. Nikasoma yote na sauti ikawa inakatika. Nina hasira mpaka sasa. Lakini nimejua kitu kimoja: mume wangu alisoma hii pia, kila ilipofika zamu yake, na hakuiruka.

Ijumaa, 19 Machi

Uji vikombe viwili na ndizi. Choo sawa.

Ruthu imekwisha. Siku nne tu, nilitamani iwe arobaini. Mgeni akabaki kwenye nchi ya watu na nchi ikawa yake. Niliisoma kwa sauti ya juu makusudi, hata Nzioka aisikie kule Machakos.

Jumatatu, 22 Machi

Mtoto Samweli akiitwa kwa jina lake usingizini. Mara tatu anakimbilia kwa mzee asiyemwita. Niliposoma, nikaweka kitabu chini nikamwita mume wangu kwa jina lake la ubatizo, ambalo silitumii. Mara tatu. Midomo ikasogea. Hakuna sauti. Lakini ilisogea, nimeona, sikuota.

Wiki mbili zimebaki.

Jumatatu, 29 Machi

Mejumaa ametuletea nyama ya Idi na wali wa nazi. Mgonjwa amekula kumshinda mzima. Mvua za kwanza zimegonga usiku na ardhi inanukia. Nilipaswa kuwa napanda. Nasoma kwanza, halafu nakimbia na jembe kama mwizi.

Midomo haijasogea tena. Guno lipo kila siku. Kofi lipo nikiruka. Je, kofi litatosha kwa Nzioka?

Jumamosi, 3 Aprili

Amefika. Kaja na pikapu ya kukodi na blanketi jipya nene la kumfungia ndugu yake njiani. Nilijiandaa kumchukia. Akapiga magoti pale kibarazani akashika ule mkono uliokufa akalia kama mtoto. Sasa nitamchukiaje?

Baada ya chai akasema wataondoka Jumanne alfajiri. Alisema kwa upole, akitazama chini. Nikasema, shemeji, kesho utamsikia. Akasema, "Mama Mwende, barua yako nimeisoma. Wewe unaona kile moyo unataka."

Jumapili, 4 Aprili. Pasaka

Nimeaibika.

Tulitoka kanisani, nikamwita Nzioka akae, nikafungua kitabu. Mejumaa akaja na makuti. Samweli anampaka Daudi mafuta. Nikasoma vizuri, halafu nikaruka ili aone. Kimya. Nikaruka tena. Hakuna kofi. Mkono umelala. Macho kwenye paa, kama siku ya nne. Nikamwambia, mzee, nimeruka! Nikamtingisha bega. Mbele ya watu. Nilikuwa kama mtu anayemlazimisha mbuzi wake acheze ngoma sokoni.

Nikafunga kitabu. Hapo ndipo akaanza kuguna, kwa nguvu, mkono juu. Nzioka akainuka akasema, "Unaona? Unamtesa ndugu yangu na kelele." Akamfunika lile blanketi jipya na jua lote lile.

Nilikwenda kukaa nyuma ya jiko. Mejumaa akanifuata. Nilidhani amekuja kunipa pole. Akasema, "Jirani, nimekaa hapa tangu mfungo mosi nikisikiza, na jambo moja laniwasha. Nyinyi kitabu chenu hamukifungi?" Nikamwambia si nimekifunga, hakuona? Akasema, "Si kwa mkono. Sisi tukimaliza kusoma twasema Sadakallahul-adhim, ndipo msahafu hufungwa. Wewe wakoma tu wainuka. Hata mimi nisiyekuwa wa dini yako nabaki nangoja."

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia yetu yapo, lakini ni ya msomaji, mtu wa kanzu, si ya mwanamke wa jembe. Akasema haya, akaokota makuti yake akaenda.

Mgonjwa alikuwa bado anaguna.

Naandika haya jioni, jua halijazama. Nimeisoma tena ile siku ya kwanza kwenye daftari hili. Nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu, kwamba maneno yale siyasemi. Na siku ya pili nimeandika kwamba anaguna nikifunga kitabu. Ukurasa mmoja! Kopo nimeleta, maji nimeleta, mgongo nimekuna. Miezi miwili!

Sijui. Labda sivyo.

Jumatatu, 5 Aprili

Uji sijui vikombe vingapi. Choo sijui. Leo msiniulize.

Niliamka kabla ya adhana. Nilimfuta, nikamkalisha, nikamvua lile blanketi. Nzioka alikuwa anafunga mizigo ya safari. Nikamwambia, shemeji, shikamoo, naomba sura moja tu, ya mwisho, halafu sitasema tena. Akakaa ngazini, kanipa mgongo nusu. Mejumaa sikumwita. Alikuja mwenyewe, hana makuti.

Daudi na Goliathi. Sikuruka. Sikumtazama hata mara moja nione anafanya nini. Nilisoma tu. Ni ndefu ile, na nilipofika kwenye jiwe nilisahau Machakos na gari na kila kitu.

Nikafika mwisho. Nikaingia ndani. Nzioka alidhani nimemaliza, akasimama. Nikatoa kanzu kwenye msumari. Sikuivaa, jamani, sijafika huko. Nikaiweka magotini pa mwenyewe, juu ya ule mkono mfu. Nikarudi mahali pangu. Kitabu bado kiko wazi. Ameanza kuinua mkono wa kushoto na guno linakuja.

Nikasema, "Hili ndilo neno la Bwana."

Akanyamaza. Guno likakatika katikati. Midomo ikafanya kazi, ikafanya kazi, upande mmoja tu, mate yakatoka, na mimi nimeshika kitabu siwezi hata kupumua.

"Tumshu..." akasema. "Tumshukuru Mungu."

Sauti yake! Imekwaruzika, imelegea, lakini ni yake, ileile! Na nyuma yangu Nzioka alikuwa amejibu pamoja naye, maneno yaleyale, bila kujua, kwa sababu ndivyo walivyolelewa wote wawili kwenye benchi moja. Sauti mbili za ndugu pamoja. Nilipiga kigelegele. Mejumaa akapokea. Nzioka akaanguka pale chini miguuni pa mdogo wake, na mdogo wake akamwekea mkono wa kushoto kichwani.

Tukarudia mara sita. Kila nikisema, anajibu. Mara ya saba alichoka akafumba macho. Hakuguna. Siku ya kwanza tangu nianze kusoma ambayo hakuguna.

Alikuwa anangoja nifunge sura kwa yale maneno, apumzike. Asubuhi zote zile. Mume wangu, nisamehe. Nafurahi mpaka natamani kukimbia hadi hospitalini Msambweni kumwambia yule muuguzi.

Jumanne, 6 Aprili

Nzioka ameondoka na pikapu, gunia la machungwa, na korosho za watoto. Ndugu yake amebaki.

Kabla ya kupanda alimwuliza, mdogo wangu, utakaa? Maneno mengine mgonjwa hana. Akatazama kitabu, akanitazama mimi. Nzioka akasema imetosha. Blanketi katuachia. Kwa joto la Pwani hii, Mungu ambariki, nitalitandika chini.

Kanipa mkono akasema nisiache. Nikamwambia mimi sasa siachi hata nikiambiwa.

Nimemwomba Mejumaa radhi kwa yale majibu yangu ya Pasaka. Akasema majibu gani, hayakumbuki. Anayakumbuka.

Jumamosi, 10 Aprili

Padre amepita. Nilimweleza, pamoja na habari ya kanzu. Nilidhani atanikemea. Akasema maneno yale ni ya yeyote anayesoma, yalikuwa yangu tangu siku ya kwanza, ni vile hakuna aliyeniambia. Nilimkasirikia saa nzima. Halafu nikamkaangia mayai.

Muhogo nimepanda. Mahindi nimechelewa.

Jumanne, 20 Aprili

Uji vikombe viwili. Choo sawa. Dawa zote, hakutema.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, adhana ilisikika kwa mbali. Mejumaa hakuja. Tulikuwa wawili kibarazani, nimemsogeza ukutani asirushiwe matone.

Tumeanza Samweli wa pili. Daudi anamlilia Sauli na Yonathani. Ni maombolezo tu, hakuna vita. Nilikuwa nasoma vizuri, na karibu na mwisho nikaanza kulia. Sijui kwa nini leo. Labda ni mvua, labda ni kuwaza kwamba mmoja wetu ataondoka kwanza. Nikafika mstari wa mwisho. Nikafungua mdomo niseme maneno yetu ya kufunga, hayakutoka. Nikabaki natazama maji yanavyotiririka kwenye makuti.

Akangoja. Aliponiona siwezi, akasema yeye.

"Neno," akasema. Akapumzika. "Neno la Bwana."

Nikaitikia, "Tumshukuru Mungu." Safari hii nilikuwa nimegeuza kichwa.